Kompyuta kuwaka si kupona: tarakimu moja iliyomchelewesha mtoto kurudi kwa mama yake

GOMA – Mama huyo alifika kwenye mlango wa redio asubuhi, kabla ya saa mbili. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi wa ndani ya Bulengo, magharibi mwa mji, kwa miguu, maana pesa ya motari hakuwa nayo. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa mwezi wa tatu 2024. Mwezi mmoja kabla, mapigano yalipokaribia Sake, yeye na watoto wake walikuwa katika msururu wa watu waliokimbia kutoka Masisi kuelekea Goma. Katika msukumano ule, mtoto wake wa kiume mwenye miaka tisa alipotea. Redio moja ya mtaa ilikubali kusoma tangazo la kumtafuta, asubuhi na jioni. Siku kumi na moja zilipita. Simu ya mama haikulia hata mara moja.

Hakuja kugombana. Alikuja kuuliza kama pengine tangazo lake liliachwa kwa sababu hakulipa kitu. Mtangazaji alimjibu kwamba matangazo ya watu waliopotea hayalipiwi, na kwamba lake lilisomwa jana yake jioni. Akafungua orodha kwenye kompyuta ili amsomee. Alipofika kwenye namba ya simu, mama akamsimamisha. Kusoma maneno kulimpa taabu, lakini namba yake aliijua kama anavyolijua jina lake.

Wakakunjua karatasi. Kwenye karatasi palikuwa na 2. Kwenye kompyuta palikuwa na 6.

Siku kumi na moja, mara mbili kwa siku, redio ilikuwa imewapa watu wa Goma na wa ng'ambo ya ziwa namba ya mtu mwingine.

Lawama ilimwangukia haraka stajieri, msichana wa mwaka wa mwisho wa masomo, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika matangazo kwenye orodha. Aliitwa ofisini. Alisema aliandika kama ilivyo kwenye karatasi, na kwamba aliisoma namba hiyo mara mbili kabla ya kufunga faili. Mkurugenzi hakumfokea, lakini alimwambia akae nyumbani kwanza, wataongea Jumatatu. Kila aliyekuwa pale alielewa maana yake. Msichana alichukua mkoba wake akatoka bila kumwaga mtu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyesikia habari hiyo na kupoteza usingizi kwa sababu nyingine. Alikuwa fundi wa kompyuta, kijana mwenye meza ndogo huko Birere, kati ya wauza makava ya simu na mshona viatu. Redio humwita kila mashine inapoleta shida. Alikuwa ameitwa wiki moja tu kabla ya tangazo la mama yule kuandikwa, na alijua alichofanya siku hiyo.

Mashine yenyewe si ya kununuliwa dukani ikiwa kamili. Iliunganishwa kipande kwa kipande. Ndiyo inayokata sauti za mahojiano, ndiyo inayopanga muziki, na ndiyo inayotunza orodha ya matangazo. Ilikuwa imekuwa nzito. Gazeti la jioni lilikuwa linatoka kwa kuchelewa kwa sababu sauti hazikuwa tayari. Mkurugenzi alitaka mashine ikimbie, na pesa ya kununua kifaa kipya haikuwepo.

Fundi aliifungua. Akapuliza vumbi jeusi la mawe ya volkano ambalo huingia katika kila kitu mjini Goma. Ndani mlikuwa na bareti mbili za RAM, kila moja ya gigabaiti 8. Moja ilinunuliwa mpya. Nyingine ilitolewa kwenye mashine iliyokufa. Alizisugua meno kwa raba ya shule, akazirudisha mahali pake. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya kadi-mama, ile skrini inayoonekana kabla Windows haijawaka. Kadi-mama hiyo ni ya aina inayoruhusu mwendo wa bareti ubadilishwe. Zilikuwa zinakwenda kwa mwendo wa 2400. Yeye akazipandisha hadi 3000, na umeme wake akaupandisha kutoka volti 1.2 hadi 1.35 ili zibebe mzigo huo.

Mashine ikawaka. Sauti zikakatika kwa wepesi kidogo. Watu wakampongeza, akalipwa, akarudi Birere. Hakuipima.

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kufungua kompyuta, jambo hili linaeleweka kirahisi. Kompyuta ina sehemu mbili za kuweka vitu. Diski ni kama sanduku la nguo: unachoweka kinabaki hata umeme ukikatika. RAM ni kama meza ya kazi: kila kitu kinachoguswa hupita hapo kwanza, na umeme ukikatika meza inabaki tupu. Namba ya simu inapoandikwa, inakaa kwanza mezani, kisha ndiyo inapelekwa sandukuni. Ikiharibikia mezani, sanduku litaitunza ikiwa imeharibika, na halitajua.

Ndani ya bareti hakuna herufi wala tarakimu. Kuna mamilioni kwa mamilioni ya vijumba vidogo sana vya umeme. Kila kijumba kinakuwa na umeme au hakina, yaani 1 au 0. Tarakimu moja huandikwa kwa vijumba vinane. Tarakimu 2 huandikwa 00110010. Tarakimu 6 huandikwa 00110110. Ukizipanga moja chini ya nyingine utaona tofauti yake ni kijumba kimoja tu. Kikisomwa kwamba kina umeme wakati hakina, 2 inakuwa 6. Kompyuta haitalia, haitazima, wala haitaandika onyo lolote. Itaendelea na kazi.

Vijumba hivyo pia vinavuja. Umeme wake unapungua wenyewe, kama makaa yanavyofifia ndani ya jiko usipoyapuliza. Ndiyo maana kompyuta hupita na kuvijaza upya vyote kila milisekunde 64, usiku na mchana, muda wote inapowaka. Na inapotaka kusoma, ni lazima isubiri muda mdogo sana ili kijumba kitoe jibu lake. Kiwanda kikiandika 2400 juu ya bareti, kinaahidi kwamba kwa mwendo huo vijumba vyote vitajibu kwa wakati. Ukiukaza mwendo hadi 3000, umepunguza muda wa kusubiri. Vijumba vyenye nguvu vitajibu. Kilicho dhaifu kitasomwa kabla hakijajibu.

Kila mtu wa Goma amewaona vijana wa chukudu wanaoshuka na viazi kutoka upande wa Kibumba. Chukudu ikiachiwa mteremkoni inakimbia sana, na mwenyewe anafika mapema. Lakini gunia la nyuma likilegea na kuanguka njiani, anayeendesha hasikii. Atajua sokoni, wakati wa kuhesabu. Bareti iliyokimbizwa bila kupimwa ni hivyo hivyo. Aliyeangusha hajui, na anayekosa viazi ni mtu mwingine.

Jioni ile ile fundi alirudi redioni na flashi mfukoni. Juu yake aliweka Memtest86+, programu ya bure inayojulikana kwa mafundi duniani kote. Programu hiyo inawaka yenyewe, bila Windows. Inaandika michoro ya 1 na 0 katika kila kijumba cha bareti, kisha inarudi kusoma kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Inarudia kwa michoro tofauti, tena na tena. Kikipatikana kijumba kilichodanganya, mstari mwekundu unatokea: unaonyesha mahali penyewe, kilichotarajiwa na kilichopatikana.

Kupima si kazi ya dakika tano. Kwenye mashine ile raundi moja ilichukua zaidi ya saa moja, na raundi moja haitoshi. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Alisubiri redio ifunge matangazo ya usiku, akaunganisha mashine kwenye betri za redio kwa ruhusa ya mlinzi, akakaa kwenye kiti cha mtangazaji.

Raundi ya kwanza ilipita safi. Hapo angeweza kurudi nyumbani na kujiambia kwamba kosa lilikuwa la msichana. Raundi ya pili nayo ikapita. Katika raundi ya tatu, saa tisa za usiku zikiwa zimepita, mstari mwekundu ulitokea. Baadaye wa pili. Kulipokucha ilikuwa mitano. Katika kila mstari, kilichotarajiwa na kilichopatikana vilitofautiana kwa kijumba kimoja.

Alipiga picha skrini kwa simu yake.

Usiku uliofuata alirudisha mwendo kuwa 2400 na umeme kuwa volti 1.2, akapima tena hadi asubuhi. Hakuna mstari hata mmoja. Usiku wa tatu aliitoa bareti moja, akaipandisha ile iliyobaki hadi 3000 ikiwa peke yake, kisha akabadilisha. Ile iliyonunuliwa mpya ilistahimili. Ile iliyotoka kwenye mashine iliyokufa ndiyo iliyotoa mistari myekundu. Sasa alijua ugonjwa uko wapi, na alijua nani aliuamsha.

Palikuwa na mlango wa kutokea. Hakuna mtu redioni aliyejua kilichomo kwenye ile skrini ya mipangilio. Mashine sasa ilikuwa salama. Angenyamaza, mkataba wake ungebaki, na Jumatatu msichana angeagwa. Kwa fundi wa Birere jina ndilo duka. Mteja mmoja akisema "huyu aliharibu mashine ya redio," wateja kumi wanahamia meza ya jirani.

Jumatatu asubuhi alifika mapema kuliko wote. Alimwonyesha mkurugenzi picha. Alimweleza kuhusu 2 na 6 kwa kuziandika kwenye karatasi, moja chini ya nyingine. Hakusema zaidi ya anachokijua. Walikuwa wamelinganisha orodha nzima na karatasi zote zilizokuwa kwenye kabati, na hawakukuta namba nyingine iliyobadilika. Walikuta tu mahojiano mawili yaliyokuwa na mlio wa kukwaruza ambao haukuwepo kwenye kinasa sauti. "Siwezi kuapa kwamba ni bareti ilibadilisha namba ya mama," alisema. "Lakini siwezi pia kuapa kwamba ni dada. Na mashine iliyokuwa inadanganya ni mimi niliiacha hivyo."

Msichana alipigiwa simu siku hiyo hiyo arudi kazini.

Mtu anaweza kufikiri kwamba habari ya kijumba kimoja kubadilika ni hadithi ya mafundi. Ubelgiji ilishakutana nayo mbele ya macho ya wapiga kura. Katika uchaguzi wa tarehe 18 mwezi wa tano 2003, katika wilaya ya Schaerbeek mjini Brussels, mgombea mmoja alipata kura za ziada 4,096 kwenye mashine ya kupigia kura. Kosa liligunduliwa kwa sababu kura zake zilizidi idadi iliyowezekana. Wataalamu walipoichunguza programu hawakuona kasoro. Hiyo 4,096 ndiyo thamani ya kijumba cha kumi na tatu kinapogeuka kutoka 0 kuwa 1, nao wakahitimisha kwamba kijumba hicho kiligeuka chenyewe. Pale hakuna aliyekimbiza kitu. Kompyuta kubwa za mabenki na za kampuni za simu hutumia bareti za aina nyingine, zinazojikagua na kusahihisha kosa la kijumba kimoja. Kompyuta za mezani tulizozoea katika ofisi na saiba za Goma, kwa kawaida, hazina ulinzi huo.

Tangazo lilisomwa upya, safari hii na namba sahihi. Siku ya nne simu ya mama ililia.

Mtoto alikuwa Minova, ng'ambo ya ghuba, katika jimbo la Kivu Kusini. Watu waliokuwa wakikimbia kutoka Shasha walimkuta barabarani wakamchukua. Familia iliyompokea ilikuwa imesikia tangazo la kwanza kabisa, siku ya kwanza. Walipiga namba waliyoisikia. Mwanaume asiyejua lolote alipokea, akasema yeye hatafuti mtoto, akakata. Walijaribu tena kesho yake. Mtu yule akakasirika. Tangu hapo walizima redio saa ya matangazo, kwa sababu mtoto alikuwa akilisikia jina lake na kuanza kulia. Safari hii ni jirani ndiye aliyesikia namba imebadilika, akaja kugonga mlango.

Barabara ya Sake haikupitika wakati huo. Mtoto alipanda boti na mwanamke mmoja muuza mihogo, wakashuka Kituku, mahali ambapo boti za Minova hufika. Mama alikuwa amesimama pale tangu asubuhi. Wale waliokuwa naye wanasema mtoto hakumkimbilia mara moja. Alisimama hatua chache, akamtazama, akauliza kwa nini simu ilisema hamtafuti.

Swali hilo lilimfikia fundi kupitia mtangazaji, na halijamtoka.

Leo vijana wanaomletea mashine za michezo bado wanamwomba azikimbize, na hakatai. Kukimbiza bareti si dhambi. Kuna wanaofanya hivyo duniani kote na mashine zao zinafanya kazi miaka. Kilichobadilika ni utaratibu. Anapima mashine kabla ya kugusa kitu, ili ajue kama ilikuwa nzima alipoipokea. Anabadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuliandika kwenye daftari. Kila baada ya badiliko anapima usiku mzima. Bareti iliyotoka kwenye mashine nyingine anaipima peke yake, hata kama inang'aa. Mashine ikikataa kuwaka baada ya kupandishwa, anaizima kabisa, anatoa kijibetri cha duara kwenye kadi-mama kwa dakika chache, nayo inarudi kwenye mipangilio ya kiwanda. Ukikuta faili zinazokataa kufunguka bila sababu, sauti zinazokwaruza, au Windows inayoanguka leo hivi na kesho vile, kabla ya kulaumu virusi au kulaumu mtu, pima RAM.

Na kuna mashine ambazo hazikimbizi hata akilipwa mara mbili: ya kituo cha afya, ya mtu anayetunza orodha za chakula cha msaada, ya shule inayotunza pointi za wanafunzi, ya redio. Anawaambia wenyewe ukweli ambao angepaswa kumwambia mkurugenzi siku ile: kwa kazi kama hizo mwendo wa bareti unaongeza kidogo sana. Anayetaka wepesi aongeze bareti, au abadilishe diski ya zamani inayozunguka aweke diski ya SSD. Kama pesa haipo, asubiri. "Kuwaka si kupona," huwaambia, na ameandika maneno hayo kwa kalamu nyekundu juu ya meza yake.

Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025 M23 iliingia Goma. Mwezi uliofuata kambi zilizouzunguka mji zilibaki tupu, Bulengo ikiwemo. Turubai zilikunjwa, watu wakabeba walichoweza wakarudi upande wa vijiji vyao au wakaenda kwingine. Mama yule na watoto wake walielekea Masisi. Familia nyingi zilipotezana tena, na karatasi mpya zikaanza kufika kwenye mlango wa redio.

Mashine ni ile ile. Ubavuni mwake imebandikwa karatasi yenye tarehe ya kipimo cha mwisho na mwendo wake: 2400. Msichana aliyekuwa stajieri sasa ndiye anayesimamia orodha. Mtu akileta tangazo, anaandika namba, anafunga faili, anaifungua tena, kisha anageuza skrini na kumsomea mwenyewe tarakimu moja moja, polepole. Asiyejua kusoma husikiliza na kuhesabu kwa vidole. Wakifika mwisho, mwenye namba anasema ndiyo, na karatasi yake inawekwa kabatini.